Jumamosi Moja katika Toad Lane

Ndugu wanachama, katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu nimeombwa kuandika machache juu ya historia ya ushirika. Ningeweza kuanzia kwetu, maana wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana tangu mwaka 1925, na chama chao kikuu kikaandikishwa mwaka 1933. Lakini habari hizo zimekwisha kusimuliwa mara nyingi na watu wanaozijua kunishinda. Mimi nitasimulia habari za duka moja dogo la Uingereza nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu jambo lililowapata watu wa mji ule linakaribia kutupata na sisi.

Tulikuwa watu watatu: mhasibu wetu, mtunza ghala wetu, nami. Tulipelekwa Manchester kwa mafunzo ya majuma mawili, na mwisho wa juma la kwanza tukapewa siku mbili za mapumziko. Hapo ukazuka ubishi. Bwana Mhasibu alitaka tukatazame uwanja wa mpira wa Old Trafford. Mzee wa ghala alitaka kwenda Rochdale, mji uliotajwa katika kila darasa la ushirika alilopata kuhudhuria tangu ujana wake. Tukapatana: Jumamosi Rochdale, Jumapili mpira. (Habari za Jumapili mwulizeni Bwana Mhasibu mwenyewe, hajaacha kuzisimulia hata leo.)

Rochdale haiko mbali na Manchester. Toad Lane, yaani Njia ya Chura, ni njia fupi, na nyumba namba 31 ni ya matofali, wala haina fahari yoyote. Tangu mwaka 1931 imekuwa nyumba ya makumbusho. Ndani, chumba cha chini kimepangwa kama kilivyokuwa usiku wa tarehe 21 Desemba, 1844, duka lilipofunguliwa. Meza ya kuuzia ni mbao zilizolazwa juu ya mapipa.

Waliolianzisha walitajwa kuwa watu 28, wengi wao wafumaji wa vitambaa vya sufu na mafundi wa kazi nyingine. Ujira ulikuwa duni, na jitihada za kudai nyongeza zilikuwa zimeshindwa. Wenye maduka mengi wa siku zile walichanganya unga na chaki, na aliyekopa kwao hakuwa na ulimi wa kulalamika. Basi wakachanga senti kwa senti kila juma, hata wakapata pauni 28. Wakapanga chumba kwa pauni 10 kwa mwaka, na kwa fedha iliyosalia wakanunua siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa uji na mishumaa. Ndiyo bidhaa yote. Watoto wa mitaani waliwacheka.

Sheria walizojiwekea zilikuwa nyepesi kusemwa na nzito kushikwa. Bidhaa safi, kipimo kamili, hakuna kukopesha, kila mwanachama kura moja. Wanawake walipokewa pia: Eliza Brierley aliandikwa uanachama mwaka 1846, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe. Na ziada ya mwaka haikugawanywa kwa wingi wa hisa. Hisa zilipata riba ndogo iliyowekewa mpaka, na kilichobaki kikagawanywa kwa kadiri kila mtu alivyonunua dukani. Shauri hilo husemwa kuwa lilitoka kwa Charles Howarth, mmoja wa wale wa kwanza.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha walikuwa wanachama 74. Walipotimiza miaka 10, kama sisi leo, walikuwa 900.

Mzee wa ghala hakuzijali sana hesabu hizo. Alisimama mbele ya mizani ya dukani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza polepole, “Mwanangu, hii nani alikuwa akiikagua?” Nikamjibu kwamba walikuwa na wakaguzi wa hesabu waliochaguliwa na wanachama wenyewe. Akatikisa kichwa, ila hakuondoka pale. Nami nilimwelewa. Marehemu baba yangu aliuza kahawa yake miaka mingi kwa mnunuzi mmoja ambaye gunia lilipungua kilo kila lilipofika kwake. Baba alijua, na aliuza, kwa kuwa ada ya shule yangu haikungoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1854 watu wa Rochdale walianzisha kiwanda cha ushirika cha pamba, na desturi yake ikawa kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida. Kiwanda kikastawi, kikahitaji fedha za kupanuka, wakaingia wenye hisa wapya. Wengi wa hao hawakujua njaa iliyozaa duka la Toad Lane. Walichojua ni kwamba hisa zile zinalipa vizuri. Mwaka 1862 wakapiga kura, wakaifuta sehemu ya wafanyakazi, faida ikawa ya wenye hisa peke yao. Waasisi kadhaa walipinga, lakini kura hazikuwatosha. Hakuna serikali iliyowalazimisha, wala mwizi aliyevunja kasha. Sisi hapa nchini tuliona vyama vikuu vikivunjwa kwa amri mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Yale ya Rochdale yalifanywa na wanachama wenyewe, kwa mikono iliyoinuliwa mkutanoni.

Ndugu zangu mnajua kwamba katika Mkutano Mkuu ujao litaletwa shauri la kugawa ziada yetu kwa hisa, badala ya kilo za kahawa zilizoletwa ghalani. Wenye kulileta ni watu wema, na sababu yao ina uzito: chama kinahitaji mtaji. Mimi ni katibu tu, na kura yangu ni moja. Lakini jioni ile, tukirudi Manchester, Bwana Mhasibu alitoa karatasi akapiga hesabu ya mfano. Chama chenye ziada ya shilingi 1,000,000, kilo 10,000 na hisa 1,000. Mkulima aliyeleta kilo 200, mwenye hisa 5, kwa kilo hupata shilingi 20,000. Kwa hisa hupata 5,000. Jirani yake aliyeleta kilo 100, mwenye hisa 150, kwa kilo hupata 10,000. Kwa hisa, 150,000.

Mzee wa ghala aliitazama karatasi, akauliza, “Na huyu wa pili, mwaka wa kesho ataleta kilo ngapi?” Karatasi ile ninayo ofisini. Anayetaka kuiona kabla ya mkutano na aje, mlango hufunguliwa saa mbili asubuhi.