Uzaramo, kutoka kwa jumbe hadi mwenyekiti wa mtaa

Tenga la maembe linaloshushwa alfajiri kwenye Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, huenda limetoka Kisarawe au Chanika. Kwa mchukuzi, embe ni embe. Kwa serikali, Kisarawe ni wilaya ya vijiji ya Mkoa wa Pwani, na Chanika ni kata ya jijini. Zamani kote huko kuliitwa Uzaramo.

Wazaramo wengi hawakukaa katika vijiji vilivyosongamana. Mtu alijenga shambani kwake, jirani yake akawa ng'ambo ya minazi. Makazi ya namna hiyo yaliwasumbua watawala wote, maana asiyeonekana hatozwi. Wajerumani waliweka maakida, yaani watawala wa maeneo, na chini yao majumbe wa vijiji. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3. Iliyohesabiwa ni nyumba, si watu. Kuanzia 1902 majumbe wakabebeshwa na mashamba ya pamba ya lazima, kazi iliyowatia doa mbele ya watu wao. Vita vya Maji Maji vilipofika Uzaramo, kiongozi Kibasila wa Kisangire alikuwa upande wa walioasi, akanyongwa. Leo jina lake limepewa shule ya sekondari Temeke.

Waingereza nao walitunga sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926. Usukumani, kwenye watemi, ilipata pa kushika. Uzaramo haikuwa na mtemi wa kuitawala yote, kwa hiyo serikali ikabaki kutafuta wa kumkabidhi rungu. Uchifu wenyewe ulifutwa 1963.

Kijiji tunachokijua leo, chenye mwenyekiti, mtendaji na muhuri, kimetoka kwenye Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa shambani awe anaishi kijijini. Wengine walihamishwa kwa nguvu, na hilo halifai kupakwa rangi. Lakini sheria ya vijiji ya 1975 ilifanya jambo kubwa: kijiji kikiandikishwa, kwa kawaida kikiwa na kaya zisizopungua 250, kilipata halmashauri yake, na watu wazima wote wakawa na mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikakikabidhi kijiji usimamizi wa ardhi yake.

Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa inafura. Sensa ya 1967 iliukuta mji una watu 272,821. Ile ya 2022 iliukuta mkoa una 5,383,728. Vijiji vya pembezoni vikageuzwa mitaa. Wengi huona hapo ni kupandishwa cheo. Mimi naona kuna kilichopotea, kwa sababu mtaa una mwenyekiti na ofisi, ila hauna mamlaka ya kijiji juu ya ardhi.

Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Basi anayepalilia mihogo Msongola, ndani ya Ilala, yumo Jiji la Dar es Salaam kisheria, na mwenye ghorofa Masaki ni wa Manispaa ya Kinondoni. Kiwanja kikiuzwa Chanika, wahusika hukimbilia ofisi ya mtaa wakapate muhuri. Ukivuka mpaka kuingia Kisarawe, ardhi ya kijiji ikitakiwa na mwekezaji, halmashauri ya kijiji bado inalazimika kuwauliza wanakijiji mkutanoni.