Köln: Mji Ulioitwa Koloni

Katika zoezi la tafsiri la muhula huu, mji mmoja wa Ujerumani uliandikwa na wanafunzi wetu kwa namna tatu: Cologne, Koln na Koloni. Hilo la mwisho lilituchekesha. Baadaye tukabaini kwamba aliyeliandika ndiye aliyekaribia asili ya jina kuliko wenzake.

Chini ya himaya ya Waroma, Waubii walikuwa na makazi yao kando ya mto Rhine. Hapo ndipo alipozaliwa Agrippina, aliyekuja kuolewa na Kaisari Claudius. Mwaka 50 B.K., kwa matakwa ya mkewe, Kaisari aliyapa makazi hayo hadhi ya colonia, na jina likawa refu kama utambi: Colonia Claudia Ara Agrippinensium. Ara ni madhabahu. Watu hawana subira na majina ya namna hiyo. Likabaki neno la kwanza tu. Neno hilohilo la Kilatini, lenye asili ya kitenzi cha kulima, ndilo chimbuko la "koloni" tunalolijua, ambalo kwetu halina harufu nzuri.

Waitalia na Wahispania wamebaki na Colonia. Wafaransa husema Cologne, nao Waingereza wakaliazima bila kubadili tahajia. Waholanzi wana Keulen. Wacheki huongeza "ya kwenye Rhine", kwa kuwa wanao Kolín mwingine kwao. Wajerumani waliweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, irabu za nyuma zikamezwa, na i iliyokuwemo ikaivuta o mbele hadi ikawa ö. Kwa lahaja ya wenyeji ni Kölle. Hata K ya mwanzo iligombaniwa: ofisi ziliandika Cöln hadi mwaka 1919.

Irabu hiyo haimo katika tano zetu. Ulimi useme e, midomo iviringwe kama ya o.

Je, tuiswahilishe? Wajerumani nao waliandika Bagamojo na Daressalam kwa kufuata masikio yao, kwa hiyo hoja hiyo ina uzito. Lakini Koln bila nukta si Kijerumani wala si Kiswahili. Sisi tunapendelea Köln. Penye kompyuta isiyo na nukta, Koeln, kama wafanyavyo Wajerumani wenyewe.

Alama ya yule wa Koloni hatukuibadilisha. Pembeni tulimwandikia sentensi mbili kuhusu Agrippina.