Tofauti ya Muhuri katika Sarafu za Wakusanyaji

Tofauti ya muhuri ni alama iliyomo katika muhuri wa kupigia sarafu, ambayo huzitenga sarafu zote zilizotokana na muhuri huo na nyingine za thamani ileile, mwaka uleule na kiwanda kilekile. Inaweza kuwa tarakimu iliyogongwa mara mbili, herufi iliyosogea, au taji lililochongwa dogo kuliko mwenzake. Kiini cha istilahi hii ni kujirudia. Alama iliyo kwenye muhuri huonekana mahali palepale katika kila sarafu iliyopita chini yake. Alama iliyo kwenye sarafu moja tu haihesabiwi.

Muhuri wenyewe ni kipande cha chuma cha pua kilichochongwa picha na maandishi kwa kuzamishwa na kugeuzwa kinyume, ili yatokee yamenyooka na kuinuka juu ya sarafu. Mihuri hufanya kazi kwa jozi: mmoja chini, mmoja juu, na kisahani cha madini katikati. Katika karakana za vyuma kifaa cha jamii hii huitwa dai, neno ambalo kwa msomaji wa kawaida ni madai ya haki au deni. Neno kalibu nalo halifai, kwa sababu kalibu hupokea madini yaliyoyeyushwa, ilhali sarafu za kisasa hupigwa kwenye madini baridi. Kiarabu kina neno sikka, ambalo Ibn Khaldun alieleza kwamba mwanzoni lilikuwa jina la chuma cha kupigia fedha, kisha likahamia kwenye alama inayobaki juu ya fedha, na hatimaye kwenye idara inayosimamia kazi hiyo. Kwa Kiswahili, neno muhuri linatosha: kila mtu aliyepeleka barua ofisini anajua kwamba muhuri mmoja huacha alama ileile kila ugongwapo, pamoja na kasoro zake.

Tofauti huzaliwa kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni mkono wa mchongaji: pale herufi na tarakimu zinapogongwa mojamoja, mihuri miwili haiwezi kufanana kabisa. Ya pili ni unakili. Viwandani, chapa mama yenye picha iliyoinuka hukandamizwa kwenye chuma ili kutoa mihuri ya kazi; ikikandamizwa mara ya pili bila kulingana na ya kwanza, hupatikana muhuri maradufu, wenye herufi zilizopasuka pembeni. Ya tatu ni ukarabati: muhuri wa zamani huchongwa tarehe mpya juu ya ile ya awali, au husuguliwa hadi mistari myembamba ikatoweka.

Alama ya kiwanda huwekwa fungu lake. Senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII, zipo zenye H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, zenye KN ya Kings Norton, na zisizo na herufi yoyote. Hizo huorodheshwa kama matoleo ya viwanda mbalimbali. Tofauti ya muhuri hutafutwa ndani ya kila toleo.

Mfano ulio wazi zaidi Afrika Mashariki ni wa Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita na njia ya bahari imefungwa, sarafu zilipigwa katika karakana ya reli mjini humo. Heller 20 zilitoka kwa shaba na kwa shaba ya manjano, na mihuri yake hutambulika kwa vitu viwili: ukubwa wa taji upande mmoja, na upande wa pili ncha ya herufi L ya pili katika neno HELLER, ambayo kwenye muhuri mmoja imejikunja na kwenye mwingine imechongoka. Rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo, zina mihuri miwili upande wa tai. Katika mmoja, pambo la kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA. Katika mwingine huishia chini ya A ya kwanza.

Oman ina mfano wake. Sarafu za robo ana za Sultani Faisal bin Turki, ambaye jina lake limeandikwa FESSUL BIN TURKEE kwa herufi za Kilatini, zilipigwa pia Maskati kwenyewe, na zile za mwaka 1315 wa Hijria (1897–98) zina mihuri mingi inayotofautiana kwa umbo na mpangilio wa herufi. Mkusanyaji wa Al Khoudh, kitongoji cha Seeb chenye Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, anaweza kuziweka meza moja na sarafu za pesa zenye picha ya mizani za Seyyid Barghash wa Unguja, za 1299 na 1304 Hijria, na kuzisoma zote kwa kanuni ileile.

Sarafu za prufu zinahitaji uangalifu wa pekee. Prufu ni namna ya kutengeneza, si daraja la uzima wa sarafu: kisahani na mihuri hung'arishwa, kisha sarafu hupigwa polepole, kwa kawaida zaidi ya mara moja, hadi uwanja ung'ae kama kioo na picha ibaki na weupe wa ukungu. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa prufu za fedha za mfululizo wa uhifadhi wa wanyama wa miaka ya 1970, zikiwemo za Oman zenye simbamangu na choroa, na za Tanzania zenye twiga na kifaru. Muhuri wa prufu hupiga sarafu chache, kisha hung'arishwa upya. Kila msuguo unaweza kufuta unywele, unyoya au mguu wa herufi, na kuacha mikwaruzo myembamba ambayo kwenye sarafu huonekana imeinuka.

Utambuzi hufuata utaratibu. Sarafu hushikwa kwenye ukingo, huwekwa chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, na kutazamwa kwa lenzi ya kukuza mara kumi huku ikizungushwa taratibu. Mtazamaji huanza na tarehe, kisha herufi, kisha pambo, akipima kila kitu kwa meno ya ukingo, yaani vijino vinavyozunguka uso wa sarafu: ncha ya tarakimu inaelekea jino lenyewe au pengo? Vipimo hivyo hulinganishwa na picha ya sarafu inayojulikana.

Mambo matatu hupotosha. Ufa wa muhuri huacha mstari ulioinuka, kwa kuwa madini huingia ndani ya ufa. Huo ni hali ya muhuri uliochakaa, na muhuri mmoja hupitia hali nyingi. Muhuri ukitikisika wakati wa kupiga, huacha kivuli bapa kama ngazi kando ya herufi. Muhuri maradufu, kwa upande wake, huacha herufi mbili zenye mviringo kamili na ncha zilizogawanyika. Mkwaruzo uliopatikana baada ya sarafu kutoka kiwandani huzama ndani ya madini, na haujirudii kwenye sarafu nyingine.

Kwa hiyo tofauti haiandikwi katika orodha mpaka ionekane kwenye sarafu ya pili. Maelezo yake hutaja thamani, mwaka, kiwanda, upande, alama na mahali ilipo kwa kulinganisha na herufi au jino la ukingo, kisha hali ya muhuri. Maelezo yaliyoandikwa hivyo humwezesha mkusanyaji mwingine kuutambua muhuri uleule kwenye sarafu iliyo mkononi mwake.