Kwa Nini Daktari Huacha Kidonda Wazi?

Leo tunazungumza juu ya mkono au mguu uliovimba, na kidonda cha upasuaji ambacho daktari hakishoni siku hiyo hiyo.

Tuseme mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe hapa Kehancha, akavunjika karibu na kiwiko. Kwa nia njema, anafungwa vijiti na kamba. Usiku mkono unavimba, lakini kamba hailegei. Hata ndani ya mwili, misuli imezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukikosa nafasi, damu haipiti vizuri, na misuli huanza kufa kwa muda wa saa chache tu.

Tatizo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1881, daktari Richard von Volkmann wa Halle, Ujerumani, ambaye pia aliwatungia watoto hadithi, alieleza jinsi bendeji iliyokazwa mno inavyouacha mkono umekunjamana na kukakamaa. Ulemavu huo huitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1914, daktari John Murphy wa Chicago, Marekani, alishauri utando upasuliwe mapema, kabla mkono haujaharibika.

Lakini mpasuo huo ufungwe lini? Ukishonwa papo hapo, misuli inabanwa tena. Kwa hiyo madaktari walijifunza kungoja. Kidonda hufunikwa kwa bendeji safi, na baada ya siku mbili tatu mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Uvimbe ukipungua, ngozi hushonwa. Wengine huivuta kidogo kidogo kwa mipira iliyopitishwa kama kamba za viatu. Isipokutana, ngozi nyembamba huchukuliwa pajani na kupandikizwa hapo.

Basi mama, ukiona kidonda kiko wazi, usidhani mtoto wako ametupwa, wala usimwondoe hospitalini. Muulize daktari: "Mtakifunga lini?"

Na ukiwa nyumbani, kumbuka dalili hizi: maumivu makali yanayozidi, hasa vidole vinaponyooshwa, ganzi, uvimbe mgumu. Usingoje vidole vipoe. Legeza kamba au bendeji, usikande, mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kama amefungwa plasta, mrudishe mara moja ikakatwe.