Mlango wa Mgeni katika Nchi ya Mara

Leo napenda kuwaeleza habari za jambo la kale: msafiri aliyeshindwa na njia au na njaa, akabisha mlango wa watu asiowajua. Nchi yenyewe ni ile iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, ambayo sasa ni wilaya za Tarime na Serengeti katika mkoa wa Mara.

Kwanza na tuitazame nchi. Kusini mashariki iko mbuga kubwa ya Serengeti, makao ya wanyama. Magharibi ya mbuga hiyo wanakaa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, na kaskazini, hata ng'ambo ya mto Mara, wanakaa Wakuria. Masika yakishuka, mito ya Grumeti na Mara hufurika. Basi mtu wa zamani aliyekutwa na giza mbali na kwao alikuwa na simba nyuma yake na mto mbele yake. Hakuwa na la kufanya ila kuufuata moshi wa boma la kwanza aliloliona.

Wanata wana hadithi juu ya asili yao, nayo yafanana na habari ya msafiri huyo. Wasema kwamba mwanamume wa kwanza alikuwa mwindaji, na mwanamke wa kwanza alikuwa mkulima. Hawakuwa wa nyumba moja, walikutana. Huyu alikuwa na nyama, yule alikuwa na nafaka, wakakaa pamoja, na kabila likazaliwa. Kwa hiyo Wanata wakisimulia asili yao, husimulia habari za wageni wawili waliokubali kula pamoja.

Lakini isidhaniwe kwamba kila mgeni alifunguliwa mlango papo hapo. Wizi wa ng'ombe ulikuwako, na mtu asiyejulikana aliweza kuwa mpelelezi. Kwa hiyo mgeni aliulizwa kwanza ukoo wake na rikora lake, maana yake kizazi chake. Wakuria wana majina manane ya vizazi, nayo yamegawanyika katika safu mbili, nne nne. Safu moja ni Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina. Ya pili ni Mairabe, Gini, Nyangi na Chuma. Mtoto hurithi safu ya baba yake, akaingia katika jina linalofuata. Na majina yakiisha, huanza tena. Makabila ya jirani nayo yalikuwa na majina ya Saai na Chuma. Basi mtu aliyetoka mbali aliweza kulitaja jina lake, na mwenyeji akajua mara moja kama amwite baba, ndugu au mwana. Mgeni alipata jamaa kabla ya kupata chakula.

Desturi hiyo ilipimwa vikali mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliwaua ng'ombe wengi mno katika nchi za Wamasai na jirani zao. Ndui ikafuata, na njaa pamoja nayo. Wamasai, ambao maisha yao yalikuwa ng'ombe, walibaki bila maziwa wala nyama.

Mwaka 1892 Mwaustria mmoja, jina lake Oscar Baumann, aliondoka Tanga na msafara wa wapagazi akielekea Ziwa Viktoria. Mwezi wa Machi alifika Ngorongoro. Huko aliwaona Wamasai wenye njaa wakiizunguka kambi yake: wanawake waliobaki mifupa, na vijana wa vita walioshindwa kusimama, wakatambaa. Aliandika kwamba wazazi walitaka kuwatoa watoto wao wapate kipande cha nyama. Na walipokataliwa, waliwaficha watoto karibu na kambi wakaenda zao. Mzazi aliyefanya hivyo hakumtupa mtoto. Alimweka mahali ambapo mgeni hangeweza kumpita bila kumwona.

Na wageni hawakuwapita. Haukupita muda msafara ukajaa watoto wa Kimasai, na wapagazi wakawatunza. Fikirini wapagazi hao walikuwa watu gani. Walikuwa mbali na kwao, wenye mzigo kichwani na posho ya kupimwa, na desturi nyingine kabisa. Katika mbuga ile hapakuwa na nyumba, ila hema na moto wa kambi. Na wapagazi waligawana moto huo na watoto wa watu wasiowajua. Kisha msafara ukaivuka Serengeti, ukafika ziwani mwezi wa Aprili.

Wamasai wengine walikimbilia kwa wakulima. Huko walipata chakula, lakini twapaswa kusema kweli: chakula kile kilikuwa na bei. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika miaka ile wapo waliopokewa wakawa wachungaji wa wenyeji wao, wapo wanawake walioolewa huko, na wapo watoto waliokua wakihesabiwa katika ukoo uliowalisha. Wengine walirudi kwao mvua na mifugo iliporudi. Wengine hawakurudi kamwe. Mlango ulimwokoa mgeni, na mwenye nyumba alijipatia mtu.

Hata leo wako wasafiri wa namna hii katika wilaya hizi mbili, nao ni wasichana. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kuwa kosa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, walakini desturi haikuisha. Mwisho wa mwaka, shule zifungapo, wako wasichana wanaotoroka usiku, bila chakula wala nauli. Huyu hawezi kujiokoa kwa kutaja ukoo wake, kwa maana ukoo ndio anaoukimbia. Mjini Mugumu ilifunguliwa nyumba ya kuwapokea mwaka 2014, na katika wilaya ya Tarime kiko kituo cha Masanga. Hulala huko miongoni mwa watu ambao jana hawakuwajua.

Tofauti yake na zamani ni hii: nyumba hizi hazijipatii mtu. Wazazi huitwa, wakazungumza nao mbele ya polisi na maofisa wa ustawi wa jamii, wakatia sahihi kwamba mtoto hatakeketwa, ndipo arudi kwao. Mzazi asiyekubali, mtoto wake hubaki. Kumpokea mtoto ni kazi ya usiku mmoja. Kumrudisha kwa amani huweza kuwa kazi ya miezi mingi.

Mithali yetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii anayehitaji kupona ni yule mzazi aliyeachwa nyumbani. Akitia sahihi yake kwa moyo mmoja, binti yake mdogo hatakuwa na haja ya kukimbia usiku.