Sambusa ya Kuchemsha

Wadau, hebu tuulizane swali la jikoni. Urafiki wetu na China ni wa siku nyingi. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar Juni mwaka huo huo. Mwaka 1968 tukapata kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Maelfu ya Wachina walimenyeka porini pamoja na wazee wetu, na wengine wamezikwa huku huku, Gongo la Mboto. Sasa niambieni, katika urafiki wote huo tulijifunza kupika nini?

Kwa Wahindi na Waarabu tulichukua chapati, bajia, biriani na sambusa. Leo nani anaviita vya kigeni? Sababu haiko mbali. Wale waliishi mitaani, wakafungua maduka na migahawa, wakazaa na kulea hapa. Wachina wa reli waliishi kambini, wakalima bustani zao za mboga, na kazi ilipokwisha wengi wakarudi kwao. Urafiki ulifika wizarani na relini, jikoni haukufika. Tulichobaki nacho ni chainizi, ile mboga inayouzwa kwa mafungu pembeni ya mchicha na matembele.

Waliofuata walikuja kivyao, kufanya biashara, na wengi wakatua Kariakoo. Hapo maneno yakaanza. Januari 2011 Naibu Waziri Lazaro Nyalandu aliwapa wachuuzi wa Kichina siku 30 waondoke sokoni. Julai 2025 serikali ikawapiga marufuku wageni kufanya biashara 15, ikiwemo ya rejareja na ufundi wa simu. Mimi sipingi, mmachinga wa Mtaa wa Kongo naye ana watoto. Ila tukumbuke kwamba hata jina Kariakoo ni la kuja: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tulilitafuna mpaka likawa letu.

Basi nami nimeanza kutafuna. Jumapili nyumbani tunapika jiaozi. Ni chakula cha kale: huko Turpan, magharibi mwa China, zilikutwa zimekauka makaburini, za enzi ya Tang (618–907). Sambusa nayo si ya jana. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliikuta kwenye karamu za Sultani wa Delhi. Zote ni unga uliokunjwa na nyama ndani. Moja inakwenda kwenye mafuta, nyingine kwenye maji.

Kanda unga wa ngano kwa maji tu, ufunike nusu saa. Changanya nyama ya kusaga, chainizi iliyokatwa ndogo ndogo na kukamuliwa, tangawizi, kitunguu saumu na sosi ya soya. Msiokula kitimoto msihofu, hata Wachina Waislamu hutia ng'ombe au kondoo. Toa kibao cha chapati, sukuma viduara vidogo vyembamba, weka nyama, kunja nusu mwezi, bana kingo. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka. Yakichemka tena ongeza maji baridi kidogo. Ukifanya hivyo mara tatu, zimeiva. Chovya kwenye siki na pilipili.

Kaskazini mwa China familia nzima huzikunja pamoja usiku wa kuamkia mwaka mpya. Sasa naelewa kwa nini. Kazi ya kukunja ni ya mikono mingi, na mdomo hauna shughuli. Mama anasukuma, sisi tunabana, na baba anasimulia kuhusu treni ya kwenda Mbeya.

Je, kwenu chakula gani cha Kichina kimeshafika mezani?