Kabla muuguzi hajatoa dawa

Na Mwandishi Wetu, Arusha

SI ajabu katika wodi moja jijini Arusha kukuta wagonjwa watatu wanaoitwa Mollel, au akina Kaaya wawili katika vitanda vya jirani. Mollel na Laizer ni majina ya koo kwa Waarusha na Wamasai. Kaaya, Mbise na Pallangyo kwa Wameru. Muuguzi anayeita jina la ukoo pekee na kumpa vidonge aliyeitika amekwisha kukosea, hata kama bahati imemwongoza kwa mwenyewe. Anatakiwa kumwuliza mgonjwa ataje majina yake yote, kisha ayalinganishe na namba ya jalada.

Mgonjwa sahihi ni la kwanza kati ya mambo matano yanayofundishwa vyuoni: mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. La sita ni kumbukumbu, nayo huandikwa baada ya dawa kutolewa, si kabla.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka mwenye kazi hiyo awe ametambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na awe na leseni. Anayekiuka maadili huweza kufutwa katika daftari la Baraza. Agizo la daktari halimwondolei muuguzi dhamana: mwandiko usiposomeka, au kipimo kikitia shaka, asitishe na kumwuliza aliyeandika. Kubahatisha mwandiko si utii.

Hatari kubwa iko kwenye hesabu. Insulini ya kawaida huwa na uniti 100 katika kila mililita, hivyo uniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Anayetumia bomba la sindano la kawaida badala ya lile la insulini, akavuta mililita nzima, amemchoma mgonjwa mara kumi ya alichoandikiwa. Sukari hushuka ghafla na mgonjwa huweza kufa.

Magnesiamu salfeti huokoa mama mwenye kifafa cha mimba, lakini ikizidi hukata pumzi. Kabla ya kurudia sindano, muuguzi huhakikisha kuwa mama anapumua walau mara 16 kwa dakika, goti linashtuka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kiuasumu chake, iwe karibu na kitanda na si stoo iliyofungwa.

Masharti hayo ni yale yale kwa hospitali ya rufaa ya Mount Meru na kwa zahanati ya mlimani, ambako muuguzi aweza kuwa peke yake usiku, bila mwenzake wa kuhakiki hesabu. Huko simu kwa tabibu ni sehemu ya tiba.

Kosa likitokea, mgonjwa huangaliwa kwanza, daktari huarifiwa, na tukio huandikwa kama lilivyokuwa. Madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Arusha.